Pingili ya Mwisho

Bwana D.O., ofisa wa serikali wa wilaya yetu, alipokuja shuleni kwetu Thika na kuniuliza shingo ya mnyama wangu ina pingili ngapi, nilifurahi. Nilikuwa nimengoja miezi sita mtu aniulize swali hilo.

Mnyama, dinosaria mwenye shingo ndefu, alisimama nyuma ya darasa, kichwa kikigusa dari. Hakuwa mnyama, alikuwa mifupa yake tu, na hata mifupa yenyewe ilikuwa milingoti ya mkonge, mbao za jakaranda na waya. Lakini kila kipande kilipimwa, robo ya ukubwa wake halisi. Michoro nilikuwa nimeinakili katika maktaba ya Makerere kabla ya kuhitimu. Yale ambayo vitabu havikunieleza, niliyapata kwa Mzee Sele, fundi viatu wa Majengo, ambaye ujanani aliwachimbia Waingereza mifupa ya mnyama huyo kule Lindi, Tanganyika, akaibeba begani hadi bandarini. Na aliyeijenga ni Gachanja, mwalimu wetu wa useremala, mtu wa makamo asiyependa maneno mengi. Yeye alikuwa Mkikuyu wa upande wa Ruiru. Mimi ni Mkamba wa Machakos, kwa hiyo mwaka ule wa 1955, siku za hali ya hatari, mimi nilitembea nilikotaka na yeye alitembea na kipande cha ruhusa mfukoni.

"Tazama, bwana," nilimwambia D.O. "Miguu ya mbele ni mirefu kuliko ya nyuma, ndiyo maana mgongo unateremka kuelekea mkiani kama wa twiga. Meno yake ni kama vijiko vidogo. Yanachuma majani, hayatafuni. Anameza tu, tumbo ndilo linalofanya kazi."

"Na shingo?"

"Shingo ndiyo ajabu yake. Kila pingili ina mashimo makubwa ubavuni. Kama ingekuwa mfupa uliojaa, asingeweza kuinua kichwa. Ni ndefu lakini nyepesi."

"Na hii inasimamaje?"

"Tumepitisha bomba ndani ya kila pingili, bwana. Vipande vya shubiri moja moja. Waya unapita katikati."

"Vipande vingapi?"

"Kumi na vitatu. Pingili kumi na tatu, bomba kumi na tatu. Hesabu mwenyewe."

Alihesabu. Aligusa kila pingili kwa ncha ya fimbo yake, akisoma namba zilizoandikwa kwa rangi nyeupe. Nyuma yake alisimama Muigai, hedmani, mkuu wa kijiji cha Gachanja, kofia mkononi, macho sakafuni. Nilidhani amechoka.

"Gachanja, fundi wako, alisimamishwa jana langoni mwa kijiji," D.O. alisema. Kiswahili chake kilikuwa kizuri, cha kujifunza kwa bidii. "Mkobani alikuwa na msumeno wa chuma na unga wa chuma. Nikamuuliza amekata vipande vingapi vya bomba kwa kazi ya shule. Akasema kumi na viwili."

"Labda amesahau, bwana."

"Nilimuuliza mara tatu. Mara tatu alisema kumi na viwili."

Siku hizo hakuna aliyehitaji kuelezwa habari za bomba. Kipande cha bomba la maji, komeo la mlango na ukanda wa mpira vilitosha kutengeneza bunduki, na watu walikuwa wamenyongwa kwa vitu kama hivyo.

"Mtu anayenidanganya juu ya bomba ninaloliona," D.O. alisema, akifunga daftari lake, "atasemaje juu ya lile nisiloliona? Ijumaa asubuhi kuna lori. Atakwenda kambini, huko watapata muda wa kumuuliza vizuri."

Waliokwenda na lori hilo hawakurudi kwa mwaka, wengine kwa miaka miwili. Wengine hatukujua.

Nilipobaki peke yangu na mnyama niliketi kwenye dawati la mbele nikamtazama. Ni mimi niliyesema kumi na tatu. Ilikuwa kweli, na niliisema kwa furaha.

*

Mzee Sele alikuwa ameshika kiatu kati ya magoti, misumari midogo mdomoni. Alinitazama nikiegemeza baiskeli, akaitema misumari kiganjani.

"Umekuja na uso wa mtu aliyeuziwa viatu vya mguu mmoja, mwalimu. Keti."

Nilimweleza yote. Alisikiliza huku akigonga soli.

"Kumi na tatu ndiyo haki yake," alisema. "Mimi niliibeba ile ya nane. Kipande chake tu, kimefungwa plasta, na bega halikupona mwezi mzima. Mwenzangu mmoja akawa ananiita twiga." Alicheka kidogo, kisha akaacha. "Sasa sikiliza. Ile ya kwanza kabisa, iliyo karibu na fuvu, si ni kama pete tu? Mwambie Mzungu kwamba fundi hakuihesabu. Ni ndogo, ameisahau."

"Nimeshamwambia kwamba bomba zote ni shubiri moja. Amezigusa kwa fimbo."

"Wewe nawe unasema sana."

"Ndiyo, mzee."

Aligonga msumari mmoja, akatafuta mwingine.

"Kule Lindi kila mfupa ulipigwa namba," alisema. "Hata kipande cha ukubwa wa kucha. Karani anaandika, sisi tunafunga. Fundi wako alikuwa anaandika namba?"

Hapo nikakumbuka. Siku ya kupaka rangi, Gachanja aliandika moja, mbili, tatu, kwa mkono wake mzuri wa seremala, hadi kumi na mbili. Kisha aliweka brashi chini akasema rangi imekwisha. Niliposogea nikaona kopo lina rangi hadi nusu. Nilichukua brashi nikaandika ile ya mwisho mwenyewe, yeye akatoka nje kufagia takataka za mbao.

Nilimsimulia Mzee Sele. Alikikunja kile kiatu kupima soli.

"Mimi si mtu wa huku," alisema. "Lakini mtu anayeacha kazi ikiwa imebaki namba moja, hajasahau. Mkewe umemwona?"

"Bado."

"Basi unakaa hapa kwa ajili gani? Viatu vyako ni vizima."

*

Kijiji kilikuwa kwenye mteremko juu ya mto wa Ruiru, nyumba zimepangwa kwa mistari, kuzunguka kwake handaki lenye miti iliyochongwa. Watu walikuwa wamehamishiwa humo mwaka uliotangulia na nyasi za paa zilikuwa bado na rangi mpya. Nilifika Alhamisi saa kumi na moja jioni, maana Jumatano shule haikuniruhusu. Homgadi, mlinzi wa serikali langoni, alitazama kitambulisho changu, akaniambia filimbi italia saa kumi na mbili na nisikutwe ndani.

Gathoni, mke wa Gachanja, alikuwa amerudi kutoka kuchimba handaki, miguu ina udongo hadi magotini. Alikuwa akipepeta maharagwe ya njahi mlangoni. Watoto wake waliniona wakaingia ndani.

"Ni wewe uliyesema kumi na tatu," alisema. Hakuacha kupepeta.

"Ni mimi, mama. Nimekuja kuuliza kwa nini yeye alisema kumi na viwili."

"Wewe ni Mkamba, sivyo? Baba yako ana ng'ombe?"

"Anao."

"Wangapi?"

Nilimkumbuka baba akiulizwa swali hilo na karani wa mifugo, mbele ya boma letu, akijibu, "Wapo." Karani aliuliza tena na baba akarudia kwa upole uleule, "Wapo, mwanangu." Mimi nilikuwa likizoni kutoka shule ya misheni, na niliona aibu kwamba baba hajui hesabu.

"Sijui," nilisema.

"Hujui kwa sababu hakukwambia." Alimwaga makapi chini. "Kitu chenye mwili hakihesabiwi kikaisha. Mbuzi, watoto, chochote. Unaacha mmoja. Ukimtaja wa mwisho umewafunga, umesema hakuna zaidi. Gachanja anajua kusoma na kuandika kama wewe. Lakini mwaka ule wa sensa, karani alikuja akataka watoto wote, hata anayenyonya. Gachanja akasema, haya ni maendeleo, akamtajia wote. Yule mdogo hakuumaliza mwezi."

Nikasema jambo la kijinga. "Lakini ile ni mbao, mama."

Aliniangalia kwa mara ya kwanza.

"Alikuwa akirudi jioni ananiambia, leo nimempa goti. Leo nimempa bega. Amelala akifikiria bega. Mbao gani ina goti?"

Mtoto mmoja alichungulia, akavutwa ndani.

"Nitamweleza D.O.," nilisema. "Nitamwambia hii ni desturi."

"Utamwambia desturi ya Wakikuyu? Mwaka huu?" Alitikisa kichwa. "Nenda kwa Muigai. Yeye na mume wangu walitahiriwa siku moja, mto mmoja. Anajua kila kitu nilichokwambia, aliposikia kumi na viwili alijua papo hapo. Anaogopa tu. Siku hizi ni mzee wa kanisa na ana bunduki ya serikali. Lakini nenda nyumbani kwake, ukae, uzungumze naye taratibu, akiwa na wa nyumbani kwake tu. Akisema yeye, Mzungu atasikia. Usimuulize mbele ya watu, mwalimu."

Filimbi ililia. Nikaaga.

Ningeweza kurudi alfajiri. Lango lilifunguliwa saa kumi na mbili, na lori lilikuwa la saa mbili. Lakini nikiendesha baiskeli kuelekea Thika, upepo wa mashamba ya kahawa usoni, wazo lilinijia, na lilikuwa wazo zuri kama yote niliyofundishwa: usieleze jambo unaloweza kulionyesha. Fanya jaribio, kila mtu alione kwa macho yake. Nililala vizuri usiku huo. Hilo ndilo linalonisumbua zaidi.

*

Uani mwa kituo cha Ruiru lori lilikuwa tayari linanguruma. Wanaume kama ishirini walikuwa wamechutama kwenye mavumbi, Gachanja akiwa karibu na dirisha la ofisi. Shati lake lilikuwa limechanika begani. Aliniona akainamisha kichwa.

Ndani kulikuwa na D.O., karani wake Wambua, na Muigai amesimama kando ya mlango na bunduki yake.

Nilizungumza vizuri. Nilieleza habari ya kuacha wa mwisho, nikamtaja hata baba yangu. D.O. alisikiliza akizungusha kalamu.

"Namba tena," alisema. "Mwalimu, kila wiki naletewa watu wenye mambo ya namba. Hatua saba, mara saba, kiapo cha hiki na kile. Sasa na wewe." Akamgeukia Muigai. "Ni kweli, hii habari?"

Muigai alikohoa. "Ni mambo ya wazee wa zamani, bwana. Sisi wa kanisa tumeyaacha."

"Umesikia, mwalimu."

"Nimesikia, bwana. Naomba nimuulize swali moja tu." Sikungoja ruhusa. "Mzee Muigai, una watoto wangapi?"

"Watano," alisema Muigai.

Alijibu upesi, kama mtu anavyoitikia salamu. Kisha nikaona uso wake ukibadilika.

D.O. hakuwa mjinga. Alimnyooshea karani kidole, naye Wambua akafungua daftari la kijiji, akapitisha kucha kwenye mstari. "Muigai, hedmani. Watoto sita, bwana. Niliwahesabu mwenyewe."

"Sita." D.O. alitabasamu. Lilikuwa tabasamu la mtu aliyeonyeshwa mchezo mzuri. "Haya, Muigai. Nani umemwacha?"

Muigai aliihamishia bunduki mkono wa pili.

"Nitajie majina yao. Nataka kuona mwenyewe."

"Bwana, imetosha," nilisema. "Imeshaonekana."

"Wewe ndiye uliyeanza, mwalimu. Muigai, majina."

Muigai aliwataja. "Kinuthia. Wangari. Gitau. Nyokabi. Mbugua." Sauti ilikuwa ya mtu anayesoma orodha ya kanisani. Kisha akakomea hapo.

"Na wa sita?"

Nje, injini ya lori ilizimwa kwa sababu fulani. Niliona kupitia dirisha kwamba Gachanja ameinua kichwa. Alikuwa akimtazama Muigai, na alikuwa akikitikisa kichwa hicho polepole: usiseme. Mtu ambaye maisha yake yalingoja jibu hilo alikuwa akimwomba mwenzake asilitoe.

"Njambi," alisema Muigai.

"Ana umri gani?"

"Miezi mitatu."

"Na hao ndio wote?"

"Ndio wote, bwana." Alifuta mdomo kwa mkono. "Na huyo fundi hakudanganya. Alivyosema ndivyo mtu wa kwetu anavyosema. Kama angesema kumi na vitatu, mimi mwenyewe ningeshangaa."

"Hukuniambia hivyo juzi."

"Hukuniuliza, bwana."

D.O. akavuta karatasi ya lori na kukata jina moja kwa mstari ulionyooka. "Bomba zote ziletwe hapa kabla ya Jumatatu," aliniambia. "Mnyama wako alale chini kama wanyama wengine waliokufa. Na wewe, Muigai, ulikuwa tayari kuniacha nimpeleke. Tutazungumza juu ya hilo wiki ijayo." Akacheka peke yake. "Watano," alisema, akalichukua faili jingine.

*

Muigai alinipita uani. Alikwenda hatua chache, akarudi.

"Mwalimu."

"Mzee."

"Nyumba yangu ni ya tatu kutoka langoni. Kila mtu anaijua." Hakupaza sauti. "Ungekuja tu."

Nilitaka kumwambia kwamba wale ni watoto wake wote, wazima, na kwamba jina ni sauti tu, haliwezi kumfikia mtoto aliyelala maili mbili kutoka hapo. Nilijifunza hayo, ninayaamini. Lakini yeye hakungoja. Alitoka kituoni akitembea haraka, na alipofika barabarani nikamwona anakimbia, mtu mzima mwenye koti na bunduki, akikimbia kuelekea nyumbani saa tatu asubuhi.

Gachanja alifunguliwa baada ya dakika chache. Alikuwa akijisugua vifundo vya mikono.

"Asante, mwalimu."

"Nimekosa, fundi. Gathoni aliniambia nisifanye hivyo."

"Umenitoa kwenye lori. Siwezi kusema hukunitoa." Alikuwa akitazama barabara. "Una baiskeli. Tangulia ukamwambie mke wangu kwamba niko njiani, ila napita kwa Muigai kwanza."

"Kwa Muigai? Alikuwa amekunyamazia uchukuliwe."

"Ndiyo."

"Unakwenda kumwambia nini?"

"Sina la kumwambia. Hafai kukaa peke yake." Akaanza kwenda, akipepesuka kidogo kwa ajili ya kuchutama muda mrefu, lakini hakupunguza mwendo.

Nilimpita njiani. Nilimkuta Gathoni mlangoni, nikamwambia kwamba mumewe ameachiliwa. Alifumba macho, akashika mlango. Halafu akafumbua.

"Muigai ndiye aliyesema?"

"Ndiye."

"Mlimuulizia wapi?"

"Ofisini. Mbele ya D.O. na karani."

"Akawataja wote?"

"Wote."

Hakunigombeza. Aliingia ndani, akatoka na kibuyu cha uji kilichokuwa kimewekewa Gachanja, akafunga kitambaa kichwani na kwenda kwa hatua za haraka upande wa langoni. Jirani aliyesikia alichukua kuni chache akamfuata. Kisha mwingine. Hawakuitana. Mmoja mmoja waliinama wakaingia nyumba ya tatu, na mlango ukabaki wazi.

Nilibaki uani kwa Gathoni, nimeshika baiskeli. Mimi ni mtu wa sayansi. Najua mtoto wa miezi mitatu anaweza kuugua kwa maji, kwa mbu, kwa moshi, na si kwa daftari la karani. Najua hivyo hata sasa. Lakini nilisimama pale katika jua la asubuhi nikitega sikio, na sikusikia chochote isipokuwa shoka la mtu na jogoo.

Halafu kutoka nyumba ile mtoto alilia. Alilia kwa nguvu, kilio cha njaa na hasira, kilio cha mtoto mzima kabisa, na hakunyamaza upesi. Niliilaza baiskeli chini, nikaketi kando yake kwenye mavumbi, nikaendelea kusikiliza.